Bajeti ya Kumtembeza Mama

Watu wa Bwera walikuwa wakisema mama yangu ana maringo, kwa sababu hakubali kulala kwa mtu. Akialikwa harusi atakuja, atacheza, atakula vizuri tu, na jua likianza kushuka utamwona anatafuta viatu vyake. Kwenye msiba alifanya hivyo hivyo, na hapo ndipo maneno yalipozidi. Kwetu aliyefiwa haachwi alale peke yake. Ndugu huja na mikeka na mablanketi yao, wakalala pale pale siku kadhaa, na anayeondoka jioni ya kwanza huonekana amekuja kuonyesha sura tu.

Mama hana maringo hata chembe. Alikuwa na ugonjwa. Tangu alipomzaa mdogo wangu wa mwisho, mkojo wake haukukubali tena kungoja. Mchana alijitunza, akifika mahali alijua choo kiko wapi kabla hajajua mwenye nyumba anaitwa nani. Usiku, akishapitiwa na usingizi, hakuwa na la kufanya. Kwake alikuwa na shuka zake, beseni lake, na kamba ya kuanikia nyuma ya jikoni ambako hapiti mtu. Kwa watu angeamkaje? Hospitali tulienda, wakampa dawa na mazoezi, ikapungua kidogo, haikuisha. Aliniambia mimi peke yangu kwa kuwa ndimi binti mkubwa. Ninaandika haya kwa ruhusa yake. Nilimsomea ukurasa wa kwanza, akaniambia niache kuzungukazunguka, niseme mkojo ni mkojo, maana wako wanawake wengi wanaojifungia na aibu hiyo wakidhani ni wao tu.

Aliyeumizwa zaidi na kutolala huku ni dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa. Aliolewa Kagadi. Wamebaki wao wawili tu kwa mama yao. Walikulia Kasindi, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, wakiuza samaki wa chumvi sokoni, na mpaka leo wakikasirika huacha Kikonzo, lugha yetu, na kurudia Kiswahili cha soko lile. Mume wa Mama Mkubwa alipofariki, mama alifika Kagadi asubuhi, akalia, akazika, na kabla ya giza akapanda gari la kurudi. Mama Mkubwa hakusahau. Alinipigia simu akasema, "Ambia dada yangu aliniacha na kilio yangu kama mutu wa njia." Tangu siku hiyo walisalimiana kupitia kwangu. Yeye mwenyewe, kwa upande wake, hakuwahi kuja kulala Bwera. Mbuzi wake, alisema, hawana mtu wa kuwaangalia. Miaka ikaenda. Magoti ya Mama Mkubwa yakaanza kuuma, macho ya mama yakaingia ukungu, na mimi nikaanza kuogopa kwamba mmoja atamzika mwenzake wakiwa bado na kinyongo. Hofu hiyo ndiyo iliyonitia katika mambo ya bajeti.

Lazima niseme kidogo juu ya mume wangu, kwa sababu bila yeye hakuna safari. Si wa hapa. Alikuja na jeshi, fundi wa malori, akastaafu, akanipata mimi, akabaki. Kikonzo kilimshinda kabisa. Kwa hiyo nyumbani kwetu Kasese tunasema Kiswahili, na chake ni kile cha kambini ambacho hata kukaribishwa chakula kunasikika kama amri. Nikitaka kumchokoza namwita Afande. Kati yake na mama kuna ukwe, na ukwe kwetu si mchezo. Kwao kaskazini pia ni hivyo. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Mama akija kwetu mchana hukaa sebuleni, mume wangu akahamia barazani, na mazungumzo yao hupita dirishani kwa mgongo wangu. "Uliza mukwe kama ameshiba," mama husema. Na mume wangu, ambaye angeweza kumgusa kwa fimbo, hunijibu mimi: "Ambia mama nimeshiba sana." Hawajawahi kukosana. Wanapendana hivyo, kwa sauti ya juu.

Uani kwetu tuna kazi ndogo ya kulinda magari ya wageni wanaokwenda Nyakalengija kupanda mlima. Wanaacha gari, wanarudi baada ya siku kadhaa na matope mpaka masikioni, wanaoga, wanalipa, wanaondoka. Siku moja ikaingia nyumba. Sijui niiteje vingine. Lilikuwa lori lenye madirisha, mapazia ya maua, na chungu cha mnanaa kimefungwa kwa waya karibu na usukani. Wakashuka Wazungu wawili wazee, mume na mke, wenye mvi na magoti mekundu.

Yule bibi alinikaribisha ndani. Kulikuwa na jiko, meza ya kukunja, kitanda kikubwa, na nyuma kabisa, ndani ya kitu nilichodhani ni kabati la nguo, kulikuwa na choo. Alikifungua bila haya, akanionyesha sanduku la chini linavyochomolewa na kwenda kumwagwa. Sikusikia tena alichosema juu ya jiko. Nilikuwa namwona mama yangu amelala juu ya kitanda kile, mlango wa kabati uko karibu na mkono wake, na Bwera iko mbali.

Kabla ya kulileta Afrika walikuwa wamezunguka nalo Ulaya karibu mwaka mzima. Nikawauliza hapo hapo gharama yake, maana mimi sina adabu kwenye mambo ya fedha. Bibi akacheka. Alisema watu wote wanataka kuuliza hilo, ila wengine huanza na hali ya hewa. Walikuwa wamegawa akiba yao mafungu: mafuta, chakula, gesi ya kupikia, kulala, matengenezo, na fungu la mambo yasiyojulikana. Barabara nyingine kule hulipiwa unapoingia, kama soko. Ukilala kambini unalipa. Ukilala kwenye uwanja wa magari, au kando ya shamba la mtu aliyekubali, hulipi kitu. Lakini siri yao kubwa ilikuwa kwenda polepole. Gari likisimama halinywi, alisema yule mzee, kwa hiyo walikaa mahali pamoja siku nyingi, wakipika viazi na kutazama milima ya watu. Waliieleza bajeti yao kwa furaha kuliko watu wengine wanavyoeleza watoto wao.

Walipokwenda mlimani, nilimketisha mume wangu barazani nikamsomea mafungu yale yale. Katika nyumba yetu mimi ni waziri wa fedha. Yeye ni ulinzi na uchukuzi. Nilimwambia tumtoe mama. Tuanzie Bwera, tupite Karusandara kwa mjomba, kaka yao mama wa baba mmoja, Fort Portal kwa binti wa mjomba huyo, halafu Kagadi kwa Mama Mkubwa, na tuishie Hoima kwa mdogo wangu wa mwisho, yule yule ambaye mama hajawahi kulala kwake. Wale Wazungu walizunguka Ulaya. Sisi tuzunguke ndugu. Sababu niliyompa ni kwamba mama amezeeka, mgongo wake unasumbua, anahitaji kitanda chake na choo chake. Kuhusu ule ugonjwa sikumwambia kitu.

Nilipanga vizuri. Mafuta yatoke kwenye malipo ya kulinda magari. Chakula tubebe unga wa muhogo na maharage. Zawadi za kupeleka ziwe sukari, sabuni, na kitenge kimoja kizuri cha Mama Mkubwa kutoka soko la Mpondwe. Kwenye fungu la kulala niliweka sifuri, nikajipongeza kwa sauti.

"Sasa mimi nalala wapi?" mume wangu akauliza.

"Garini."

"Na mama?"

"Garini."

Alinitazama kama anavyotazama breki mbovu. "Wewe ndiyo mutu ya huku, mimi mutu ya kuja. Nani anafundisha nani mambo ya ukwe?"

Nilikuwa nimenakili bajeti ya watu wasio na mkwe, na sikuona. Mtu akae na mama mkwe wake ndani ya sanduku moja la mabati, siku na siku, na choo humo humo! Hata Wazungu wale sidhani wangemchukua mama yake yule bibi. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha nikaona haya, kisha nikakasirika, kwa sababu nilidhani safari imekufa.

"Hapana kasirika," akasema. "Mimi iko na hema ya jeshi. Kazi nyingine wacha mimi."

Alinunua gari lililokuwa likisambaza mikate mjini. Lilikuwa refu, mtu anaweza kusimama ndani, na lilikuwa halitembei, ndiyo maana tuliiweza bei yake. Akalifufua. Harufu ya mkate haikutoka hata alipoliosha kwa sabuni ya unga. Ukifunga mlango mchana wa jua unapata njaa. Kati ya dereva na nyuma akapiga ukuta wa mbao. Akaweka kitanda kimoja cha mama, benchi langu, jiko dogo, na mwishoni kabisa chumba cha choo chenye mlango wa kitasa. Mimi nilitaka dirisha kwenye ukuta ili tuzungumze na dereva. Akakataa katakata.

"Mama akitaka kitu, atagonga ukuta. Moja. Mimi nasimamisha gari, nazima, nashuka, naenda mbele, nakagua tairi. Mukimaliza, gonga tena, mimi narudi. Sitauliza kitu."

"Na akigonga mara nyingi?"

"Tairi ni kitu ya kukaguliwa mara nyingi."

Siku moja nilimkuta anatandika godoro. Alikuwa amelishonea turubai la jeshi pande zote, kwa uzi mnene, mshono mzuri kabisa, na juu yake akaweka shuka. Nje, kwenye ubavu wa gari ambao hauonekani kutoka mlangoni, alikuwa amefunga kamba ya kuanikia yenye kulabu mbili. Nilimuuliza turubai la nini.

"Mvua," akasema.

"Ndani ya gari?"

"Mvua inaingia popote." Akarudi kwenye misumari yake.

Sijui alijua tangu lini. Labda aliona kamba ya nyuma ya jikoni kule Bwera, labda watu wa kambini hujifunza kuona bila kutazama. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Siku ya harusi yetu sikumpenda kama nilivyompenda mchana ule.

Mama mwenyewe hakukubali upesi. Alilizunguka gari lilipofika Bwera, akagonga mabati, akanusa. "Mutu ananuka mukate kama mutoto wa shule," akasema. Nikamfungia ndani ya kile chumba kidogo aone kitasa. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka hakusema neno juu ya choo, aliniambia tu, "Ambia mukwe, Mungu amuweke." Mume wangu, ambaye alikuwa chini ya gari, akajibu kutoka huko huko kwamba amesikia.

Tukaondoka. Nilikuwa nimekaa nyuma na mama, tukitazama barabara ikirudi nyuma yetu. Tulipopita Kikorongo alikuwa ameshagonga mara moja, kwa woga, kidole kimoja tu. Gari likasimama kando. Tukasikia mlango wa mbele, viatu kwenye kokoto, kisha mluzi ukienda mbali kidogo ili tujue yuko huko. Mama akanitazama, akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Baada ya hapo akawa anagonga bila wasiwasi. Sidhani kuna tairi zilizowahi kukaguliwa vile tangu barabara ile ilipotiwa lami.

Karusandara tulilala vizuri. Nilimdanganya mjomba kwamba daktari amemwamuru mama asibadilishe kitanda kwa ajili ya mgongo, na ili asione tumemdharau tulimpa mume wangu alale ndani ya nyumba kama mgeni rasmi. Alikula kuku kwa niaba yetu sote. Asubuhi mama aliamka, shuka ikaenda kwenye kamba ya siri, akanywa chai na kaka yake mpaka jua likapanda. Mjomba alirudia mara nyingi kwamba hakumbuki lini dada yake alimwamkia asubuhi.

Hapo ndipo bajeti yangu ilipoanza kuharibika. Nilipiga hesabu ya zawadi za kupeleka, ila sikufikiria za kupewa. Kwetu mgeni wa mchana mmoja husindikizwa kwa mkono wa kwaheri, lakini mgeni aliyelala hafunguliwi njia mikono mitupu. Mama alikuwa hajawahi kulala, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumfungia mzigo, na mimi binti yake sikuwa na mfano wa kuiga. Mjomba akaleta gunia la mahindi, mkungu wa matoke na jogoo. Majirani waliomjua mama tangu ujana wake wakasikia kwamba amelala, wakaja na karanga, na mchele, na kuku mwingine. Nilianza kusema kwamba nafasi ni ndogo, mama akanibana mkono.

"Wacha," akaninong'oneza. "Nyamaza, bantu bataniona najivuna. Wacha."

Alikuwa anang'aa kama bibi harusi. Nikapanga magunia.

Fort Portal mambo yakawa yale yale, ila baridi zaidi. Binti wa mjomba alitupa kabichi na gunia la viazi Ulaya, na Ulaya yetu yote ikawa ndani ya gunia lile. Usiku ule mama alilala amekunja miguu kwa sababu mahindi yalikuwa yamechukua nusu ya kitanda. Asubuhi kuku walikuwa wanne na hawana pa kukaa. Nikawatia kwenye chumba cha choo, kwa muda tu, nilisema, mpaka tufike mahali pa kununua tenga. Barabara ya kwenda Kagadi ni nzuri, nikapitiwa na usingizi, tenga sikununua. Mama naye, akiwa na haya ya kuwafukuza kuku wa zawadi, hakugonga njia nzima.

Tuliingia uani kwa Mama Mkubwa alasiri. Alikuwa ameketi kizingitini anapukuchua maharage, na hakuinuka. Mama akashuka kwa shida, akasimama mbele yake.

"Umefika," Mama Mkubwa akasema.

"Nimefika, yaya." Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Unarudi saa ngapi?"

Mama akajibu taratibu kwamba leo harudi, leo atalala. Mama Mkubwa akaweka ungo chini. Akatuongoza ndani, akafungua mlango wa chumba, na hapo kulikuwa na kitanda kikubwa kimetandikwa shuka nyeupe pee, mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Alikuwa amezinunua kwa ajili yetu. Mama alizitazama zile shuka akashika ukuta. Nami nilizitazama nikaona safari yote, turubai, kitasa na mluzi, vinakwenda kufia juu ya weupe ule.

"Yaya, miye nitalala mu gari," mama akasema.

"Mu gari." Mama Mkubwa hakupaza sauti. "Miye niko na nyumba. Niko na kitanda. Dada yangu alale mu gari ya mikate inje ya mulango yangu, bantu baone?"

"Daktari amesema..." nikaanza.

"Wewe funga kinywa. Daktari iko hapa?" Akatoka mbio kadiri magoti yalivyomruhusu, akaenda nyuma ya gari, akafungua. Viazi viwili vikamwangukia miguuni. Kitanda cha mama hakikuonekana. Kilikuwa magunia, matoke na kabichi mpaka juu, na ndani ya choo kuku wakapiga kelele. "Humu? Utalala juu ya mahindi? Sema tu hutaki nyumba yangu. Sema, urudi na hii gari, na usikuje tena."

Kitanda nilichompangia mama kwa hesabu zangu zote, mimi mwenyewe nilikuwa nimekijaza viazi. Nilitaka kulia, na kama kawaida yangu ikatoka hasira, nikaanza kuvuta magunia na kuyatupa chini kama kuli. Mume wangu alikuwa mbele ya gari amechuchumaa, uso kwenye tairi, haonekani wala hasikiki.

Ndipo mama akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimshika dada yake mkono. "Panda, yaya," akasema. "Panda humu, nikuonyeshe kitu." Wakapanda wote wawili, wakisukumana na kabichi, na mlango ukafungwa.

Nilibaki uani roho juu. Kwanza zilikuja sauti za Kasindi, kali, moja ikiikata nyingine. Nilisikia neno kilio. Nikamsikia mama akisema, polepole na wazi, mambo ambayo kwa miaka yote alikuwa ameniambia mimi peke yangu. Nikaondoka pale, maana hayakuwa yangu tena, nikaenda kukusanya viazi. Hata kuku wakatulia. Halafu kikatoka kicheko, sijui cha nani, kikafuatwa na kilio, na vyote vikachanganyika.

Mama Mkubwa alitoka wa kwanza, uso umelowa, anajifuta kwa kanga. Alinijia moja kwa moja akanipiga kofi la begani. "Na wewe ulijua!" Kisha, kabla sijajitetea, akaanza kutoa amri ambazo Afande mwenyewe angezipigia saluti. "Toa hii vitu yote, peleka mu stoo. Kuku, ku banda. Zile mashuka nyeupe kunja, peleka kwa mukwe mu hema yake, alale muzuri, ametuletea mutu. Wewe lala mu nyumba. Halafu leta godoro yangu ya zamani. Miye na dada yangu tunalala humu."

Na walilala humo. Zile zawadi za Karusandara na Fort Portal mama alimkabidhi dada yake zote, na watu wa Kagadi waliokuja kusalimia walisema hawajaona mgeni aliyekuja amebeba vile. Mume wangu alilala ndani ya hema la jeshi juu ya shuka nyeupe za dukani, akalalamika kwamba zinateleza. Tulikuwa tumepanga kukaa kidogo tu. Tukakaa na kukaa. Gari likisimama halinywi, nilijiambia, nikala maharage yao. Wao walishinda ndani ya gari milango wazi, miguu ikining'inia nje, wakitajiana watu wa soko la samaki waliokwisha kufa na kuwacheka. Kila asubuhi kamba ya kulabu mbili ilijaa shuka, nami sikujali ni za nani.

Siku ya kuondoka kwenda Hoima, Mama Mkubwa alikuwa ameshapanda kabla sijafunga mizigo. Amevaa kile kitenge cha Mpondwe, mkoba mapajani.

"Na mbuzi?" nikamuuliza.

"Mbuzi beko na Mungu," akasema. "Funga mulango."

Hapakuwa na pa kukaa watu watatu nyuma, kwa hiyo nilihamia mbele kwa mume wangu. Hatukuwa tumekwenda mbali, Kagadi bado iko kwenye kioo, ukuta ukagongwa. Kidole kimoja, naujua ugongaji ule, ni mama. Mume wangu akaanza kupunguza mwendo. Gari halijasimama sawasawa, ukagongwa tena, kwa ngumi nzito ambayo hatukuwahi kuisikia.

Akanitazama. "Mbili?"

Nikawakumbuka wale mbuzi wasio na mtu wa kuwaangalia. Nikakumbuka miaka yote ambayo Mama Mkubwa hakuja kulala Bwera, na shuka za kwenye kamba, na kile kicheko ndani ya gari ambacho sikujua ni cha nani. Walikuwa wamekasirikiana muda wote huo, kila mmoja ameketi na beseni lake.

"Mbili," nikamjibu.

Hakuuliza kitu. Akazima gari, akashuka, akaenda mbele akipiga mluzi kwa nguvu kuliko siku zote. Akakagua tairi za mbele, moja kisha ya pili, akaanza upya. Na alipoona bado hakuna aliyegonga, akaja akaichomoa tairi ya akiba chini ya kiti chake, akailaza kwenye majani kando ya barabara, akachuchumaa, akaikagua na yenyewe.